Gawa kwa Sita

Hapana, hiyo suti siyo ya harusi, wala haiuzwi, na tafadhali usiishike, umetoka kula karanga. Kaa hapo kwenye stuli. Suruali yako imebaki pindo moja, nikimaliza utakuwa umeshasikia yote. Hiyo suti ni ya mwanangu, fundi friji, baba yake Kwanini. Aliishonesha kwa ajili ya mahafali ya binti yake. Yalikuwa lini? Hayajakuwa. Ndiyo maana suti iko kwenye henga, na mwenyewe anakuja kuichungulia kila Jumapili kama mtu anayetembelea mgonjwa.

Kwanini ni mjukuu wangu. Jina lake lipo kwenye vyeti, lakini humu ndani hakuna anayelitumia. Tangu ameanza kusema ni kwa nini hiki, kwa nini kile. Alikuwa anakaa chini ya hiyo meza ya kukatia, anachezea vipande vya vitambaa, mimi juu nakata sketi ya duara, ile ambayo mwanamke akizunguka inafunguka kama mwavuli. "Babu, kwa nini unagawa kiuno kwa sita?" Nikamwambia, kwa sababu aliyenifundisha kushona alikuwa anagawa kwa sita. "Na yeye kwa nini?" Nikampa pipi. Pipi ndiyo ilikuwa jibu langu la maswali mengi, maana mimi shule niliishia darasa la nne.

Mtoto akakua, akaenda chuo kusomea ualimu wa hesabu, wa sekondari. Mwaka wa tatu ukawa unaisha. Baba yake akaleta kitambaa cha bluu iliyoiva, nikampima, nikakata, nikaunga. Siku ya kujaribisha amesimama hapo mbele ya kioo, nimemjaza pini kuanzia mabegani mpaka miguuni, hata pumzi anaivuta kwa adabu. Ndipo Kwanini akaingia. Yule mtoto ana akili bwana. Alichagua saa ambayo baba yake hawezi kukimbia, hawezi kukaa, hawezi hata kunyoosha kidole.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimependeza?"

"Umependeza. Baba, mwaka huu sivai joho."

Mwanangu akabaki anamtazama kwenye kioo. "Umefeli?"

"Sijafeli. Nimechaguliwa."

"Umechaguliwa kutokumaliza?"

"Nimechaguliwa kuunganisha. Wenzangu wanatoka mwaka huu na shahada moja. Wakitaka ya uzamili waombe upya, wasubiri, wakianza ni miaka mitatu mingine. Sisi wachache tunaendelea moja kwa moja miaka miwili tu. Nusu ya wiki chuoni, nusu ya wiki darasani nafundisha. Nikitoka natoka na zote mbili, na naruhusiwa kufundisha madarasa ya juu. Ada ya hiyo miwili wanalipa wao."

"Kuunganisha," mwanangu akasema. "Kuunganisha naunganisha mimi, mabomba. Na joho?"

"Mara moja tu, mwishoni. Baada ya miaka miwili."

"Miaka miwili!" Akageuka kwa hasira, na pini ya kiunoni ikamwingia mahali ambapo sitapataja mbele yako. Akapiga kelele mpaka mkwe wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Nimeshaomba ruhusa kazini! Nimeshawaambia mafundi wote! Nimewaambia Jumamosi fulani msinitafute, nitakuwa mahafali. Sasa niende niwaambie nini? Wenzake wanarusha kofia, yeye anarusha nini?"

"Simama vizuri," nikamwambia, "unanipindia bega."

"Baba, na wewe umo?"

Nilikuwemo. Wiki nzima nilikuwa najua, nilikuwa nanyamaza tu ili suti iishe. Kwanini akaja karibu, akaanza kumchomoa baba yake pini moja moja, taratibu, huku anamweleza. Akamkumbusha ule mwaka wa sekondari walipokaa bila mwalimu wa hesabu, mwaka mzima, darasa la watu sitini. Walikuwa wanaandika maswali ubaoni wenyewe na kujibizana wenyewe, wakikosea wanakosea wote. Rafiki yake aliyekuwa anakaa naye dawati moja, aliyekuwa na kichwa kuliko yeye, alifeli na sasa anauza vocha. "Wa madarasa ya juu hawapo, baba. Nataka nikawe huyo ambaye hakuwepo."

Mwanangu alivua koti na suruali, akavitundika hapo, akaondoka na kaptula ya ndani nusura afike nayo barabarani, maana suruali ilikuwa bado kwenye pini. Mkwe wangu akamrudisha.

* * *

Lakini kuchaguliwa kwenyewe kulikuwa nusu. Nafasi za hesabu zilikuwa tano, na Kwanini alikuwa wa tano. Nyuma yake alikuwepo kijana mmoja anasubiri ateleze. Kila mmoja wa hao watano lazima afundishe somo moja mbele ya mratibu, saa nzima, darasa la kweli. Ukiweza, fomu inasainiwa. Ukishindwa, unavaa joho na wenzako na kwa heri. Siku yake ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, kwenye shule ambayo alikuwa anafanyia mazoezi.

Jumanne shule ikafungwa. Haikuungua wala nini. Watahiniwa walikuwa wanaanza mitihani yao, wakahitaji madarasa yote, wanafunzi wengine wakaambiwa warudi nyumbani wiki mbili. Kwanini akaja hapa amepauka midomo. Nikachukua kofia yangu, nikamwambia twende kwa huyo mratibu, tukaongee naye kiutu uzima.

Mlinzi wa chuo akanizuia getini. Akaangalia kofia, akaangalia viatu, akauliza, "Mzee, wewe ni wa mwaka wa ngapi?"

"Wa mwisho," nikamwambia.

Akacheka, lakini kupita hakunipitisha. Akanipa kigoda karibu na vyungu vya maua, kwenye jua, mimi na bomba la kumwagilia. Watu wanapita wananiuliza kama nauza maua. Mmoja akaniuliza bei kabisa. Nikamtajia, akasema ghali. Ila bahati yangu dirisha la mratibu lilikuwa hapo juu yangu, wazi, na yule mama ana sauti ambayo haipandi wala haishuki, inakufikia tu.

"Tarehe haisogei," alikuwa anasema. "Ijumaa napeleka majina."

"Sasa nimfundishe nani, mratibu?"

"Watu kumi na tano. Fomu inasema wanafunzi, haisemi wawe na umri gani, na popote penye ubao nitakuja. Lakini wawe hawalijui somo. Nimechoka kuletewa maigizo."

Hilo la mwisho nililisikia, nisikudanganye. Nililisikia vizuri sana. Nikaliweka pembeni, kwa sababu hapo hapo nilikuwa nimeshaanza kuhesabu vichwa vya majirani: Nesi mstaafu, Mama Mayai, Kinyozi na wateja wake wawili, yule fundi viatu, mke wake, wadogo zake. Na ubao ninao. Hiyo meza ukiisimamisha kwa ubavu na kuipaka rangi nyeusi, hata waziri anafundishia.

* * *

Sasa unielewe. Siku zetu, mgeni akija darasani, mwalimu alikuwa anatuangalia kwa jicho moja tu, na tulikuwa tunajua: anayekosea leo, kesho hakai. Mimi kwangu darasa zuri ni lile linalojibu. Mtoto wangu anakwenda kupimwa, nimpelekee watu wa kukodoa macho? Watasema hafundishi huyu.

Jioni ile nikamwambia Kwanini darasa litakuwa hapa hapa, watu aniachie mimi, yeye ajizoeze kwangu na kwa bibi yake. Akafurahi. Akaleta mfuniko wa sufuria, akatuonyesha: huu mzunguko wa nje unaitwa mzingo, hii ya kukata katikati inaitwa kipenyo, nusu yake nusukipenyo, na mzingo ukiugawa kwa kipenyo, duara lolote duniani, unapata tatu nukta moja nne, inaitwa pai. Bibi yake akalala kwenye kipenyo. Mimi nikasema rudia. Akarudia. Nikasema rudia. Mtoto machozi yakamlenga, akadhani babu yake amependa hesabu. Mimi nilikuwa nakariri, kama mtu anayekariri namba ya simu ya mdeni wake. Kuelewa sikuelewa hata punje.

Jumatano Kwanini yuko chuoni, mimi nikafungua shule yangu hapa. Aliyekuja kuchukua nguo hakuipata mpaka ajibu. Mama Mayai akaja kuchukua gauni, trei ya mayai mikononi.

"Mzingo ni nini?" nikamuuliza.

"Nini tena hicho, mzee? Nipe gauni langu, nimeacha chungu jikoni."

"Mzingo ni urefu wa kuzunguka duara. Sema."

"Mzingo ni urefu wa kuzunguka duara. Umeanza kuchanganyikiwa eh?"

"Na mzingo gawa kwa kipenyo?"

"Mwenyezi Mungu nisaidie. Ngapi?"

"Tatu nukta moja nne. Kesho saa nne, hapa, uje umekoga."

Nesi mstaafu yeye aliandika kabisa kwenye daftari, mtu wa taratibu yule. Kinyozi ndiye alikuwa hatari. Aliwachukua wateja wake wakiwa na povu kidevuni, wembe shingoni, anawauliza pai ni ngapi. Mtu mwenye wembe shingoni anajifunza haraka sana. Kufika jioni nilikuwa na watu kumi na saba, na wote ukiwaamsha usingizini wanakupa tatu nukta moja nne.

* * *

Alhamisi saa nne kasoro walikuwa wamejaa hapa. Cherehani nimezisukuma ukutani, meza imesimama nyeusi, chaki yangu ya kukatia ndiyo chaki. Mama Mayai amekoga kweli, amejipaka na manukato, chumba kizima kinanukia. Bibi yako, yaani mke wangu, alikuwa ameshainjika vyungu viwili uani, mkwe wangu anachambua mchele. Walisema akifaulu tule, asipofaulu tule vile vile, watu watakuwa wamechoka.

Na mwanangu akaja. Hakuna aliyemwita. Akaingia na sanduku lake la spana, akaketi nyuma kabisa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akakunja mikono. Sikujua amekuja kuombea nini. Mkwe wangu aliniambia baadaye kwamba na yeye mwenyewe alikuwa hajui.

Mratibu akaingia, mrefu, miwani imening'inia kwenye kamba shingoni. Akasalimia, akaketi hapo ulipokaa wewe, akaweka fomu magotini, akafungua kalamu. Kwanini akawa mbele, gauni lile la kijani nililomshonea mimi, mkono umetulia. Akachora duara.

"Leo tutaangalia duara," akasema. "Nani anaweza kuniambia..."

"Mzingo ni urefu wa kuzunguka duara!" akapaza Kinyozi.

Kwanini akasita. "Vizuri. Lakini sijauliza bado. Nilitaka..."

"Kipenyo kinapita katikati," akasema Nesi mstaafu, ananyoosha mkono na anajibu hapo hapo.

"Na nusu yake ni nusukipenyo," akamalizia wa viatu.

"Tatu nukta moja nne!" Huyo ni Mama Mayai, alikuwa anaogopa isije ikachukuliwa na mwingine. Baada yake wakaipokea wote, kumi na saba kwa pamoja, tatu nukta moja nne, kama kwaya. Mimi niko hapa mstari wa mbele natabasamu mpaka masikioni. Nikamgeukia mratibu nimwone anavyoshangaa.

Mratibu alikuwa amefunga kalamu.

Yule mama hakukasirika, ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akasema kwa ile sauti yake, "Binti, hapa sina cha kupima. Naweza kumpima mwalimu kama yupo asiyejua. Hawa wote wanajua. Nilikuomba nini Jumanne?"

"Mratibu, mimi siku..." Kwanini akatugeukia. Akatupitia mmoja mmoja, Nesi na daftari lake, Kinyozi, Mama Mayai. Akaishia kwangu. Unga wa chaki ulikuwa unadondoka kwenye gauni la kijani, na nikaona anaelewa ni nani aliyewakaririsha. Mwanangu kule nyuma naye alikuwa ananitazama, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda.

Mratibu akaanza kukunja fomu.

Mimi ni fundi miaka arobaini na miwili. Nimevisha maharusi wa mtaa huu na watoto wao. Watu wananiita mwalimu, wanaleta vijana wao niwafundishe. Sijawahi kusimama mbele ya wateja wangu nikasema neno lile. Nilisimama.

"Mama, subiri kidogo," nikasema. "Mimi sijui."

"Hujui nini, mzee?"

"Chochote. Nimewakaririsha hawa, yeye hana habari. Wanasema pai, mimi ndiye niliyewalisha, na mimi mwenyewe sijui ni mnyama gani. Hiyo tatu na hiyo nukta na hao walio nyuma ya nukta. Najua kutamka tu. Nilidhani ndiyo kumsaidia."

Mama Mayai akaguna, "Na mimi sijui, mwenzenu nilikuwa nataka gauni." Kinyozi akasema, "Hata mimi, nilikuwa nawauliza watu tu." Wakaanza kukiri mmoja mmoja mpaka akabaki Nesi, na Nesi akasema yeye anajua kuiandika tu.

Mratibu akatazama saa yake. Akafungua tena fomu, polepole. "Zimebaki dakika thelathini na tano, mwalimu."

* * *

Kwanini alifuta ubao wote. Akaweka chaki chini. Akanijia mimi, akachuchumaa mbele yangu kama alivyokuwa anachuchumaa chini ya ile meza, akaniuliza, "Babu, sketi ya duara unaikataje?"

"Wewe si unajua."

"Sijui. Nifundishe."

Nikasimama, hilo naliweza. Nikaomba kiuno. Nesi mstaafu akajitolea, nikazungusha futi: sentimita themanini na nne. Nikagawa kwa sita, nikapata kumi na nne. Nikafunga chaki kwenye kamba ya kumi na nne, nikatandaza karatasi ya kaki sakafuni, nikashika katikati kwa kidole gumba, nikazungusha. Duara safi. Nikalikata kwa mkasi mpaka likatoka tundu la kiuno, na watu wakapiga makofi.

"Sasa tundu hili," akasema Kwanini, "lina ukubwa gani?"

"Themanini na nne. Si kiuno cha Nesi?"

"Pima."

"Mjukuu wangu, nimeshona miaka arobaini na..."

"Pima, babu."

Nikasimamisha futi kwa ubavu, nikaizungusha pembeni mwa tundu, pole pole. Ikafika themanini na nne, na karatasi ikawa haijaisha. Nikarudia. Ikawa haijaisha. Themanini na nane.

"Sentimita nne zimetoka wapi?" akauliza, na hakuniuliza mimi, aliwauliza wote. Kisha akanyamaza. Wewe, ule unyamavu! Mimi ningekuwa nimeshatoa jibu mara tatu. Yeye akasimama tu, anasubiri.

Nesi mstaafu akawa wa kwanza kunyanyuka, lakini hakuwa amenyanyukia hesabu. "Mzee," akasema, "ile sketi yangu ya maua. Nilipokuja kujaribu ilikuwa inanipwaya. Uliniambiaje?"

Nikakohoa.

"Uliniambia, Nesi, umekonda! Ukaibana pembeni. Nikaenda nyumbani nikala keki!"

"Na mimi uliniambia nimekonda!" akasema Mama Mayai.

"Hata mimi!" mke wa fundi viatu.

"Mume wangu alinipeleka hospitali kupima kwa sababu ya maneno yako!" akasema mwingine nyuma, na huyo sikumbuki hata nilimshonea lini.

Chumba kikalipuka. Mama Mayai ananitikisia kiatu, Kinyozi amejilaza ukutani kwa kicheko, mimi nimejikinga na karatasi ya kaki. Mratibu anaandika, mbio mbio, kichwa chini. Kwanini akawaacha wacheke mpaka wakachoka wenyewe. Halafu akachukua ile kamba yangu ya kumi na nne, akampa Kinyozi.

"Ilaze pembeni mwa tundu. Inaingia mara ngapi?"

Kinyozi akapiga magoti. Moja. Mbili. Watu wakawa wanahesabu naye. Tatu, nne, tano, sita. Na ikabaki nafasi. Kipande kidogo, upana wa vidole viwili na nusu hivi.

"Hicho hapo," nikasema. Sijui sauti ilitoka wapi. "Hicho kipande ndicho ninachobana siku zote."

"Kipande hicho ni sehemu gani ya kamba?"

"Robo," akasema Nesi. "Robo na unywele."

"Basi babu hakugawa vibaya sana. Aligawa kwa sita, ikabaki robo na unywele. Na ukichukua kipenyo badala ya nusu yake, kinaingia mara ngapi?"

Nikaiona. Sijui nikuelezeje. Nusu ya sita tatu, na nusu ya kile kipande ndiyo hao walio nyuma ya nukta. Miaka yote hiyo nilikuwa nawabana pembeni kwa uzi mara mbili.

"Duara lolote?" Sauti ilitoka nyuma. Mwanangu amesimama juu ya ndoo yake ili aone. "Hata bomba?"

"Hata bomba, baba. Njoo upime."

Akafungua sanduku, akatoa kopo ambalo huwa anazungushia bomba la shaba la friji. Akalipima upana, akalizungushia kamba, akanyoosha kamba kwenye futi. "Mimi huwa nakata mara tatu ya upana," akasema. "Kila siku bomba linapungua. Kila siku naunga kipande. Nikawa nasema shaba ya siku hizi inasinyaa."

"Nani alikufundisha mara tatu?" nikamuuliza.

Akanitazama. "Si wewe!"

Hapo mratibu mwenyewe alivua miwani akajifuta macho. Kwanini akanirudishia futi, akanifanya nikate tena, kumi na tatu na nusu kasoro kidogo. Tukapima. Themanini na nne, na unywele. Nesi akavaa karatasi kiunoni, ikamkaa kama amezaliwa nayo, akazunguka nayo chumba kizima.

Saa ikaisha. Mratibu akasimama, akamwambia Kwanini, "Lile somo la kwanza nimelipa sifuri. La pili nimeandika hapa, utasoma mwenyewe." Akasaini fomu juu ya cherehani yangu. Mlangoni akageuka kwangu, akasema kwa sauti ya chini, ya kike kidogo, "Mzee, na fundi wangu mimi huwa ananiambia nimekonda."

"Usimwambie kitu, mama," nikamwambia. "Ana familia."

* * *

Unadhani tukala? Chakula kilikuwa tayari, mikeka imetandikwa uani, wali unafuka, kuku amekatwakatwa, sinia zimepangwa. Nikaenda kukaa. Nesi mstaafu akaweka mguu kwenye nafasi yangu.

"Huketi," akasema. "Kwanza useme ukweli. Mmoja mmoja."

Wanawake wote wakabaki wamesimama. Na wao wakisimama, waume zao nao hawawezi kukaa. Watu kumi na saba, chakula kinapoa, mkwe wangu anafunika sinia na khanga huku anacheka. Basi nikapita mbele yao kama mtuhumiwa. Nesi, hukukonda. Akaketi. Mama Mayai, hukukonda, na nakuomba radhi. "Na nguo ya mwakani bure," akasema. Na nguo ya mwakani bure. Akaketi. Mke wa fundi viatu, hukukonda, ila ulipendeza kweli. "Hilo sikuuliza," akasema, akaketi.

Mwanangu alikuwa hajaonekana. Akatoka ndani, na amevaa suti. Yote, koti na suruali, bluu iliyoiva, uani, mchana kweupe, na kandambili miguuni. Kinyozi akapiga mluzi.

"Mbona hivyo?" Kwanini akamuuliza.

"Leo nimeona," akasema mwanangu. "Hayo ya kofia yatanikuta miaka miwili ijayo. Kazini nitawaambia binti yangu bado anaunganisha, na asiyejua kuunganisha anyamaze." Akatazama pembeni. "Ile tatu nukta... utanionyesha tena kwenye bomba la inchi moja?"

"Nitakuonyesha, baba." Akamfunga kifungo cha koti. Hakikufunga vizuri, tumbo. "Babu, baba amenenepa."

"Hajanenepa," nikasema, "nimekata vibaya," na uani wakacheka mpaka jirani akachungulia ukutani.

Mwanangu akaketi na suti yake, akatandika kitambaa magotini. Kwanini akaketi pembeni yake. Wamebaki wawili wamesimama, mimi na bibi yako, ambaye alikuwa ameshika upawa, ananitazama. Alivaa sketi ya duara siku niliyomuoa, nyeupe, niliishona mwenyewe. Ilimpwaya. Siku ile nilimshika kiuno mbele ya kioo, nikamwambia umekonda mke wangu, ni mapenzi hayo.

"Na mimi?" akauliza.

Hata Nesi akashusha tonge.

"Wewe," nikamwambia, "wewe peke yako ulikonda kweli."

Akanitazama muda mrefu, upawa unadondosha mchuzi kwenye kandambili zangu.

"Muongo mkubwa," akasema. "Kaa ule."

Tukakaa, tukala.